Bomba Linalosalimia

Nyumba ya Marehemu Baba,
Chumba cha Mbele.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo, na wale mapacha wanaonijua kwa sauti ya simu tu, wazima? Baridi imepungua, au bado mnalala na soksi? Mimi kifua kilinisumbua kidogo lakini sasa kimeachia. Mama yetu hajambo, ila goti lake ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Namshukuru Mungu kwa hayo, maana baada ya hapa sina habari njema.

Nimeona niandike kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unanikata. Nikianza tu, unasema mtandao mbovu. Barua haina mtandao. Kaa chini uisome mpaka mwisho, kama nilivyokuwa nikikukalisha nikuchane nywele, utake usitake.

Nyumba iko gizani. Mkaguzi wa umeme ametukatia na kubandika karatasi nyekundu kwenye mita, na baadhi ya wapangaji wamekwisha kuhama. Hilo unalijua. Unajua pia kwamba mama yake fundi cherehani wa chumba cha tatu amefia bafuni kwetu. Usilolijua ni jinsi alivyokufa, maana hukuuliza. Uliuliza nani atatengeneza mlango uliovunjwa.

Unaikumbuka ile shawa ya umeme uliyotufungia ulipokuja likizo. Tulijiona watu wa kisasa, maji ya moto kwa kubonyeza tu. Fundi ulimwokota barabarani kwa kuwa alisema atamaliza kabla ya chakula cha mchana, na kweli alimaliza. Hata hujafunga mizigo yako, bomba likaanza kupiga shoti. Lilipokupiga wewe mwenyewe ulicheka, ukasema, "Aa, halina neno, linasalimia tu."

Neno hilo likapendwa. Mpangaji mpya akifika anaonyeshwa choo, anaonyeshwa kamba ya kuanikia, kisha anaambiwa bomba la bafuni linasalimia, vaa ndala. Yule dereva wa lori wa chumba cha mwisho akatoa ndala zake kuukuu za mpira, kubwa mno, zikakaa mlangoni pa bafu kwa matumizi ya wote. Hata mimi nilizivaa. Hata Mama. Nyumba nzima yenye wazee na watoto ilikuwa inalindwa na jozi moja ya ndala, nasi tukaona tumejipanga.

Si kwamba sikukwambia. Nilikwambia soketi ya koridoni inanuka plastiki iliyoungua. Nilikwambia vyumba ulivyovigawa kwa mbao vyote vinanyonya waya uleule wa Baba, na Baba alivuta umeme wa taa na redio, si wa pasi na majiko na mafriji ya watu. Ukaniambia nimeanza uoga wa kizee. Nikakujibu mdharau mwiba mguu huota tende. Ukasema vizuri, tende ni tamu, niletee na maziwa. Wewe kwa maneno sikuwezi, nikacheka nawe, mambo yakaishia hapo.

Yule mama alikuja mjini kumwona daktari wa macho. Aliteremka asubuhi na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, mtu mpole, kila alichopewa anakipokea kwa mikono miwili. Binti yake alikuwa kwenye cherehani, anamalizia nguo ya mteja. Akamwambia, "Mama, vaa zile ndala za mlangoni, bomba linasalimia." Mama akacheka, akasema, "Basi nami nitaliitikia," akachukua taulo akaenda.

Sasa nisikilize vizuri. Yule mama alilelewa. Hakuweza kuvaa ndala za mwanamume asiyemjua bila ruhusa ya mwenyewe. Na zake alizivua, asije akaingiza vumbi la safari kwenye bafu la watu. Tulizikuta kando ya zile za dereva, zimepangwa sawasawa, zimeegemea ukuta. Adabu yake ndiyo iliyomuua, mdogo wangu. Adabu yake na mzaha wako. Tungemwambia bomba linaua, angeelewa. Tulimwambia linasalimia, na mtu mwenye adabu akisalimiwa hunyoosha mkono.

Binti alisikia ndoo ikianguka, akakimbia, akamshika. Umeme ukamrusha na yeye akagonga ukuta. Dereva akapiga kelele, zimeni, zimeni, lakini wazime wapi? Swichi kuu iko chumbani kwangu, na wewe ndiye uliyeagiza niwe nafunga mlango ili wapangaji wasiichezee. Mimi nilikuwa sokoni na ufunguo kiunoni. Dereva aliupiga mlango teke mpaka ukang'oka bawaba. Huo ndio mlango uliouulizia. Alipozima, yule mama alikuwa ameshakwenda zake.

Mkaguzi alipokuja aliifungua shawa mbele yetu sote. Ndani mlikuwa na waya wa kijani, ule ambao kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea njia na kuuteremsha ardhini usimguse mtu. Fundi wako aliukata akaukunja, kwa sababu hapakuwa na pa kuupeleka. Nyumba yetu haina hata chuma kilichofukiwa ardhini. Haina kile kifaa kinachojizima chenyewe umeme ukivuja. Akaniomba cheti cha ukaguzi. Nikamwambia hatuna. Akasema kila anayepangisha familia nyingi chini ya paa moja anatakiwa amwite fundi mwenye leseni apime waya zote, akitoka hapo aache cheti, na baada ya muda apime tena. Hakunifokea. Nilitamani anifokee.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Ulipohamia huko ulinipigia simu ukijisifu kwamba umekataa kupokea funguo mpaka mwenye nyumba akuonyeshe cheti cha umeme. Ukanitumia na picha yake, kimebandikwa karibu na mlango. Ukasema huku mwenye nyumba hachezi na roho za watu. Kumbe unajua. Siku zote ulikuwa unajua, ila ulijua kwa ajili ya roho yako na za watoto wako.

Na sasa ujumbe wako. Unataka niseme yule mama alikuwa na presha, kwa kuwa vidonge vilikutwa mkobani mwake, na fundi wa mtaani aturudishie umeme kimyakimya, vyumba vipate watu. Ni kweli alikuwa na presha. Mama yetu anayo. Mimi mwenyewe ninayo, na wewe ndiye unayenipandishia. Lakini mkono wa binti yake uliuonja umeme ule. Huwezi kumwambia ni presha.

Alirudi baada ya mazishi kuchukua cherehani yake. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alizifunga ndala za mama yake ndani ya khanga, akaniuliza, "Dada, kwa nini sikumwambia kwa lugha ya kueleweka?" Anadhani ni yeye. Miongoni mwetu sote, huyo ndiye aliyejichukulia mzigo, na nyumba hata si yake.

Kwa hiyo Jumatano nitakwenda naye kwa mkaguzi, na polisi watakuwepo. Nitaeleza habari ya shawa, ya ndala, na ya mlango wangu uliofungwa. Nitalitaja jina lako na nitalitaja langu. Najua unaweza kushtakiwa, na mimi pia. Nimelia juu ya jambo hili mpaka Mama akaniuliza kama kifua kimerudi, nikamwambia ndiyo. Wewe nilikubeba mgongoni ukiwa na meno mawili. Nina hasira nawe ambayo sijapata kuwa nayo kwa mtu, na bado nakupenda, na sijui hivi viwili nivitenganishe vipi.

Usinitumie maneno mengine. Njoo. Mtafute fundi mwenye leseni, ang'oe waya za Baba zote, afukie hicho chuma, afunge hicho kifaa. Swichi kuu itolewe chumbani kwangu iwekwe koridoni, hata mtoto aifikie. Zile kuta za mbao zibomolewe. Kisha cheti kibandikwe mlangoni kama cha huko kwenu.

Na siku utakaponiambia nyumba iko salama, sitasoma cheti. Wewe ndiye utakayeoga wa kwanza. Utavua viatu vyako mlangoni kama alivyovua yule mama, uingie pekupeku, ulishike bomba kwa mkono wako. Mimi nitasimama koridoni, mkono kwenye swichi, kwa sababu wewe ni mdogo wangu na mimi ni dada yako. Yule mama hakuwa na mtu wa kumsimamia hapo.

Mpe pole wifi yangu, maana najua barua hii ataisoma yeye kabla yako. Wabusu mapacha, waambie shangazi yao hajawasahau. Mama anakuombea kila asubuhi. Ujumbe wako sikumsomea. Siku hizi anaoga kwa ndoo chumbani, bafuni hataki hata kupita, ingawa umeme umekatwa.

Kila nikikuandikia, wapangaji hupenda kukutumia salamu. Safari hii nilimuuliza dereva kama ana salamu zozote kwa mwenye nyumba. Alifikiri kwanza, halafu akasema zako ziko bafuni, uje uzichukue mwenyewe.

Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye hata leo,
Dada yako.