Jiwe Ambalo Ndege Hazikuliona

Muscat, Jumapili mchana

Kaka Manyama,

Shikamoo. Najua unaisoma hii umekaa mlangoni kwenye kile kiti cha plastiki, mguu juu ya ndoo, unaangalia bodaboda za wenzako zikipita kwenda Kamunyonge na unazitukana moja moja. Unaendeleaje? P.O.P ya mguu wameshakutoa, au bado unajikunia kijiti cha fagio? Na kifua cha Mama? Mimi ni mzima, nimenenepa, ukiniona leo wewe ndiye utanipa shikamoo. Joto tu ndilo linatukausha kama dagaa wa Makoko.

Barua hii anakuletea Chacha, yule jamaa wa Bunda ninayelala naye chumba kimoja, anakuja likizo. Mpe chai, usimpe maswali, maana hajui kitu. Nimeandika kwa mkono kwa sababu ukinipigia simu nadanganyaga. Mdomo wangu unaujua, unatangulia kufika. Kalamu inakwenda polepole, na mwenyewe unakumbuka walimu wa form two walivyonichokaga kwa hilo.

Umeniomba mara tatu picha ya zile ndege zikizunguka jiwe. Unasema pale kijiweni Buhare wanakucheka, eti Manyama kavunjika mguu kwa ajili ya gemu la mdogo wake, na unataka hiyo picha uwazibe midomo. Leo nakujibu. Ila nianzie mbali, maana hii kitu hukuwahi kuielewa, ulikuwa unaitikia tu "sawa, sawa" kama mtu anayehubiriwa wakati wali uko tayari.

Bosi wangu, huyu mzee ninayemfanyia usafi na bustani, Kapteni Raju, aliendeshaga ndege za kweli mpaka macho yakamkatalia. Siku hizi anaendesha za kompyuta. Kwenye gereji yake hakuna gari, kuna skrini tatu, usukani na pedali za miguu, na programu yenye dunia nzima ndani yake, milima na maziwa na viwanja vya ndege. Siku moja nafuta vumbi kwenye pedali, akaniambia kaa. Kaka, nilikaa! Wiki ya pili nikatua bila kuvunja hata tairi. Mzee alisema hajawahi kuona mkono mwepesi namna ile. Haya, alisema "si mbaya". Kwa mzee yule hiyo ni nishani.

Ana wenzake dunia nzima, wengi wastaafu, wanakutana humo wakiongea kwa hedifoni. Kila mwaka wanafanya rali. Wanaruka kwa ndege kongwe tu, zile za enzi za babu, zina mabawa mawili moja juu ya jingine na rubani amekaa wazi anapigwa upepo. Ramani ya simu marufuku. Unapewa ramani ya karatasi, dira, saa, na orodha ya alama za kutafuta chini: daraja, kilima, paa la kanisa. Ukiiona alama unaizunguka, unaipiga picha, unaitafuta inayofuata. Mwaka huu walikuwa wanabishana waende wapi, mimi nikachomeka mdomo kwenye kipaza sauti cha mzee: "Njooni kwetu Mara. Kule napajua hata nikifumba macho." Wakacheka, wakanipa kazi. Mimi, Bwire wa form two, mpangaji wa safari ya marubani kumi na wanne! Wale wa kijiweni kwako walishapanga nini zaidi ya foleni ya abiria?

Njia niliichora hivi: waruke Musoma, waende Butiama, washuke Bunda, warudi na ufukwe mpaka Makoko. Alama ya Butiama nikaweka jiwe letu, lile la nyuma ya shamba la Mjomba, jiwe limekaa juu ya jiwe kama mtu kabeba gunia, tulipokuwa tunachungiaga mbuzi. Kulikuwa na vilima vikubwa vya kuchagua. Mimi nilitaka waone lile. Ndipo nikakupigia uende ukalipige picha ya kuweka kwenye orodha.

Ukaacha abiria siku ya kazi, ukaenda. Ukalipiga kutoka chini, ukanitumia. Picha safi, ilitosha kabisa. Halafu mimi nikasema nini kwenye simu? Naandika yote nisije nikayapunguza.

"Picha gani hii, kama ya kitambulisho. Panda juu nipate na bonde."

"Bwire, mvua imetoka kunyesha. Mawe yanateleza, na mimi nina kandambili."

"Sema unaogopa. Mungu alikosea foleni, mimi ndiye nilipaswa kuzaliwa kwanza."

"Mbwa wewe. Subiri."

Bonde sikulihitaji, Kaka. Hakuna mtu aliyeniomba bonde. Nilitaka tu nikuone unapanda kwa sababu nimesema. Nikasikia unahema, nikasikia kandambili zinakwaruza, halafu ukasema "Ah," na simu ikagonga mawe. Nikacheka. Nilidhani umeiangusha simu, nikacheka mpaka Kapteni Raju akageuka kuniangalia. Ulikaa muda mrefu. Ulipoiokota ulisema, "Bwire, mguu umegeuka nyuma."

Na mimi nikakuuliza, "Picha ilitoka?"

Hujawahi kunirudishia hilo swali hata mara moja. Ungenitukana tungekuwa tumeshamaliza.

Sasa sikia siku ya rali. Wazee hawa wana desturi yao: mpangaji lazima airuke njia yeye mwenyewe kwanza, kwenye programu, alama moja baada ya nyingine, ahakikishe zinaonekana. Kapteni aliniuliza mara mbili, "Umeiruka?" Mara mbili nikajibu nimeiruka. Sikuiruka. Mimi niijaribu njia ya kwenda kwetu? Njia niliyoipita kwa miguu nikifukuza mbuzi? Nilikuwa na picha yako na nilikuwa na kichwa changu, basi.

Waliruka Musoma vizuri, ziwa ni ziwa, halijifichi. Nikawa nawahadithia kama mwongozaji wa watalii, hapa ndipo, pale ndipo. Kufika Butiama, mzee mmoja wa Skotilandi akauliza, "Mpangaji, jiwe liko wapi?"

"Kushoto kwako."

"Kushoto kuna nyasi."

"Kaza macho, mzee."

"Kijana, nina miaka sabini na minane, nimekaza macho tangu nilipoondoka. Ni nyasi."

Nikasogeza uso kwenye skrini ya Kapteni mpaka pua ikagusa. Kaka, jiwe halimo. Ile programu inachukua picha iliyopigwa kutoka juu kabisa angani, inaitandika chini kama mkeka. Mlima inauinua, kitu kidogo kama jiwe letu kinabaki kimelala, doa la kijivu. Na nyumba nazo kompyuta inakisia tu. Kwetu Buhare imetupatia ghorofa la matofali mekundu lenye bomba la moshi juu, na misonobari mlangoni. Mama ana misonobari! Jirani yetu mchoyo naye kapewa bwawa la kuogelea. Nilipita juu ya nyumba niliyozaliwa nikaambiwa hapo ni Ulaya.

Walizunguka juu ya zile nyasi mpaka mafuta yakaanza kwisha. Wawili waligongana. Mmoja aliamua kuendelea Bunda kwa kukisia, akaishia ziwani. Halafu Kapteni Raju, mbele ya wote, na wote wana hedifoni masikioni, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa.

"Nani aliikagua njia?"

"Mimi."

"Kwa ndege ipi?"

"Kwa kichwa."

Kaka, umewahi kusikia watu kumi na wanne wanakucheka ndani ya masikio yako, na huwezi hata kugeuka uwaangalie? Yule wa Skotilandi akauliza kama kweli nimezaliwa huko, au nilipaota nikipiga deki. Mwingine akaanza kuniita Kapteni Kichwa, wakalipokea wote, likawa wimbo. Hata Kapteni Raju alicheka. Kisha wakaifuta rali yote, wakapanga nyingine ya nchi nyingine, mpangaji mwingine. Sasa ile mashine imefunikwa shuka. Nafuta vumbi juu ya shuka. Mzee haniambii tena kaa.

Wewe ukanipigia siku ileile, kabla hata sijavua aibu: "Walilizunguka?" Nikakwambia ndege zote kumi na nne, zimelizunguka mara mbili, na Wazungu wamelia kwa uzuri. Nikakusikia unamwambia shemeji kwa furaha. Kumbe ukaenda na habari hiyo kijiweni kwa magongo yako.

Picha ya uongo nilishaitengeneza. Nimebandika ndege tatu juu ya ile picha uliyopiga kutoka chini, imetoka nzuri kuliko kweli yenyewe. Wale wa Buhare wangeimeza na wasingetema mfupa. Nilikaa nayo kwenye simu siku mbili, kidole juu ya kutuma. Nimeifuta.

Kwenye bahasha kuna picha ya kweli ya kwenye skrini siku ile ya rali, nimeichapisha dukani. Bawa la ndege unaliona juu, chini ni kijani. Nimeweka msalaba wa kalamu pale ulipoanguka. Ukiangalia kwa makini utaona doa, na usipoliona si kosa la macho yako. Ukitaka wapelekee kijiweni, uwaambie hukuvunjika kwa ajili ya gemu. Ulivunjika kwa sababu mdogo wako alitaka kukuona unapanda. Ukitaka ichane. Ila lile swali nililokuuliza ukiwa chini, Mama asilisikie kutoka kwako. Nitamwambia mimi mwenyewe.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie nakula vizuri. Mjomba wa Butiama msalimie, na umwambie asilaumu jiwe lake. Shemeji aliyekubeba mgongoni mpaka chooni wiki zile za mwanzo, mwambie nampa heshima, na kwamba wewe ni mzito, nakujua. Dada yetu Nyamisi mpe salamu, aache kunitumia sauti za kulia.

Na ukinijibu, usiniandikie umepona kama hujapona.

Mimi mdogo wako, wa tumbo moja,
Bwire