Nyuma ya Picha za Iowa

Jumatatu, 3 Machi

Boksi la kumi na moja. Toa picha, futa vumbi, weka uso juu chini ya skana, bonyeza, toa. Inayofuata. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, ndani ya banda la mabati hapa Auburn, Sydney. Dirisha hakuna.

Picha zote za Iowa, Marekani. Mji mmoja kando ya mto, kiwanda cha vifungo vya mashati. Walikuwa wanavua kome mtoni, wanawachemsha, wanatupa nyama, kisha wanayatoboa maganda kwa mashine hadi yanabaki matundu matupu. Kuna picha za vilima vya maganda yaliyotobolewa, virefu kuliko nyumba. Sikuwahi kujua kwamba kifungo kilikuwa kinatoka kwenye mnyama.

Filamu zilizo chini ya boksi zimeoza. Zinatoa harufu ya siki inayokaba koo. Siku ya tatu ya mfungo, na siki imenijaa kinywani kana kwamba nimeinywa. Karaha tupu.

Bosi wangu, Craig, alikuja kula mkate wake wa soseji mezani kwangu. Mafuta yakadondokea picha ya wasichana kumi na wawili waliojipanga mbele ya kiwanda. Akayafuta kwa kidole gumba.

"Usijali, Zu. Si zinatupwa?"

Ndiyo, zinatupwa. Nikimaliza boksi nalibeba mwenyewe hadi kwenye kontena la taka nyuma ya banda. Anasema kuzirudisha ni gharama, na mwenye picha amekubali.

Tanga nilikuwa mtunza kumbukumbu wa ofisi ya wilaya. Miaka tisa sikutupa karatasi hata moja bila saini mbili. Hapa natupa boksi zima bila saini hata moja.

Jumanne, 4 Machi

Maelezo ya picha yanaandikwa na programu ya kompyuta. Njeri, Mkenya ninayefanya naye kazi, anatakiwa kuyasoma na kubonyeza kukubali. Hata hasomi.

"Wanawake wakifurahia kazi yao kiwandani," programu imeandika. Niliikuza picha. Mwanamke wa tatu kafungwa kitambaa mkono mzima. Kitambaa kina doa jeusi.

Nikamwonyesha Njeri.

"Aki Zuhura, mimi nabonyeza tu. Tukianza kuangalia mikono ya watu tutamaliza lini?"

Nikacheka naye. Sijui nilicheka nini.

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kuandika vizuri. Nimeanza mstari huu mara tatu.

Picha mbili zilikuwa zimegandana. Nilipozibandua, moja ikageuka. Nyuma kuna maandishi ya penseli, mwandiko mdogo ulionyooka. Majina, kutoka kushoto kwenda kulia. Ida, vidole viwili, mashine ya tatu. Lottie, jicho la kulia, kipande cha ganda. Mary, mapafu, vumbi. Anna, mzima bado.

Mzima bado.

Nikageuza inayofuata. Na inayofuata. Boksi zima lina maandishi. Mbele wamesimama wima, wamechana nywele, kumfurahisha tajiri wa kiwanda. Nyuma mpiga picha kaandika kila mmoja alichopoteza.

Nilikimbia hadi kwenye kontena. Tupu. Gari la taka hupita kila Jumatano. Maboksi kumi yamekwenda, na yote nimeyabeba kwa mikono yangu. Sikugeuza hata picha moja. Mimi, mtu wa kumbukumbu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Craig. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake.

"Tuliagizwa mbele. Nyuma ni kupoteza muda. Nani anasoma nyuma?"

Saa sita simu ya ofisi ikalia, nikaipokea mimi. Bibi mmoja, sauti nyembamba, lafudhi ya Kimarekani iliyochanganyika na ya hapa. Helen. Mwenye picha. Mpiga picha alikuwa baba yake. Kiwanda kilipofungwa, baba alihamia Sydney na familia na maboksi yake.

"Nimeshasafisha kabati la kuyaweka," akasema. "Yanarudi lini?"

Kwa hiyo hakukubali chochote. Hajui lolote. Nikamtazama Craig. Alikuwa kasimama mlangoni, anasikiliza. Akaniinulia vidole vitatu.

"Wiki tatu, mama," nikasema.

Akanishukuru. Akaniita mpenzi, kama wanavyosema wazee wa hapa.

Nimefunga chakula na maji, nikafungulia uongo. Magharibi tende nikairudisha sahanini. Namchukia Craig waziwazi. Mwenyewe najionea kinyaa, na hicho ni kibaya zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Saa ya chakula wenzangu wakitoka, mimi naskani nyuma za picha. Nimefunga, basi muda ninao. Boksi la kumi na moja limekwisha, la kumi na mbili nusu. Sijatupa kitu. Yote mawili nimeyasukuma chini ya meza pamoja na la kumi na tatu, la mwisho, ambalo sijalifungua, na kuyafunika turubai.

Njeri alirudi mapema akanikuta.

"Dada, visa yako imeshikwa na hii kampuni. Wakikufuta utaenda wapi?"

Nikageuza picha nyingine. Akaguna, akaondoka. Baada ya dakika tano akarudi na turubai kubwa zaidi, akalitupa juu ya maboksi, akakaa kwenye kompyuta yake. 

Jumatano, 12 Machi

Nimeoga mara tatu. Bado nanuka.

Asubuhi nilipofika, chini ya meza palikuwa peupe. Turubai limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya kiti changu. Craig kaja mapema. Nje nikasikia gari la taka linarudi nyuma likipiga mlio wake.

Sikufikiri. Nikapanda kontena. Watu wa duka la kebabu la jirani nao hutupa humo: vitunguu vilivyooza, mafuta meusi ya kukaangia, nyama yenye funza weupe. Nilizama hadi magotini. Mafuta yakaingia kwenye viatu, yakapanda kwenye gauni. Nilibana pumzi. Boksi la kumi na moja zima. La kumi na mbili zima. La kumi na tatu limepasuka. Nikaokota picha moja moja kutoka kwenye ule uchafu, nikazipangusa kwa ushungi wangu. Dereva akazima injini akanisubiri. Mafundi wa gereji iliyo mkabala wakatoka kutazama. Mmoja akapiga picha kwa simu.

Craig akaja anapiga kelele.

"Toka humo! Umerukwa na akili?"

"Hizi si zako."

"Wala si zako!"

Kweli. Wala si zangu.

"Basi nampelekea mwenyewe," nikasema.

"Ukitoka nazo getini, usirudi hapa."

Njeri ndiye aliyenisukumia kitoroli. Hakumtazama Craig, wala mimi. Kwenye treni watu walihama viti mmoja baada ya mwingine. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe ningehama.

Alhamisi, 13 Machi

Anwani iko kwenye maboksi. Westmead, nyumba ndogo ya matofali nyuma ya hospitali.

Bibi Helen ni mfupi, mgongo umepinda, macho makali. Alifurahi alipoyaona maboksi. Kisha harufu ikamfikia. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni. Kontena. Maboksi kumi. Kwamba nilitupa mimi.

"Wewe ndiye uliyenijibu kwenye simu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa najua."

Akayahesabu maboksi kwa kidole. Kisha akauliza yapi yamekwenda. La kwanza hadi la kumi, nikamjibu.

"Mama yangu alikuwa kwenye boksi la nne," akasema. "Alitoboa maganda pale miaka sita kabla ya kuolewa na baba. Nyuma ya ile picha baba aliandika siku walipokutana. Nilikuwa naisoma kila mwaka."

Sura ya mama yake tunayo, iko kwenye kompyuta. Nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kushukuru kwa kupewa bahasha bila barua.

"Yaache hapo chini. Nenda."

Nikayaacha. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

Jumanne, 18 Machi

Kampuni imenifukuza rasmi. Njeri kanitumia nakala ya barua waliyomwandikia Bibi Helen. Wanasikitika. Mfanyakazi mmoja alitupa mali ya mteja bila idhini. Hatua zimechukuliwa.

Mfanyakazi mmoja. Nimeisoma mara nne, kwa sababu mikono ilikuwa yangu kweli. Craig amechukua kipande changu cha ukweli akajifunikia nacho.

Nina muda mfupi wa kupata mwajiri mwingine, la sivyo narudi Tanga. Njeri ametuma pia tangazo la kazi ya masjala hospitalini. Ameandika chini: "Omba leo, si kesho." Nimeomba.

Jumatatu, 24 Machi

Bibi Helen amepiga simu. Sijui alipata wapi namba yangu, nadhani kwa Njeri. Hakusalimia. Barua ya kampuni kaisoma, akasema, na uongo wa kitoto anaujua. Wamempelekea picha za mbele kwenye flashi na hajui kuifungua.

"Njoo Jumapili ya baada ya sikukuu yako," akasema. "Usidhani nimekusamehe."

Sidhani.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda saa nne. Akaniwekea chai na biskuti bila kusema karibu. Nikaifungua flashi yake kwenye kompyuta yangu mezani, maboksi kumi yaliyopotea, picha moja moja. Yeye anatazama, mimi naandika kwenye daftari.

"Huyu simjui. Huyu simjui. Huyu ni Clara, tulipanga chumba cha juu kwake. Huyu simjui."

Hivyo kwa saa tatu. Wengi hawajui. Wengine anakumbuka sauti tu, au kwamba walikuwa wakali. Tulipofika kwa mama yake hakusema jina. Alitaja siku, na daraja, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Nikaandika. Akanifanya nifute neno moja, nikafuta.

Mchana akasinzia kitini, kidole bado kwenye kioo cha kompyuta. Sikusogeza kitu. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli kwa Kiingereza. Nikakaa na penseli yangu karibu nusu saa.

Alipoamka akapapasa miwani.

"Tuliishia wapi?"

"Huyu mwenye kofia," nikamwambia.

Akainama karibu zaidi na kioo.