Koti Jeupe la Mifuko Minne

Mollo, Sumbawanga
Jumamosi, 14 Septemba 2002

Shikamoo Mama Getruda,

Nimeapa kwamba leo nitakuandikia yote, hata yale yanayoniaibisha, maana gazeti lako hufika huku likiwa limechelewa siku tatu na mimi natakiwa kuondoka kwenda chuo kikuu tarehe tano mwezi ujao, kwa hiyo sina muda wa kukueleza nusu leo na nusu baadaye.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita na nimechaguliwa kusoma shahada ya sayansi ya tiba. Barua ya chuo inaeleza kwamba kwa miaka mitatu tutasoma chembe hai, damu, vijidudu vya magonjwa na kazi za maabara, na Mwalimu Kornel aliyenifundisha baiolojia alifurahi hadi akanipa lenzi yake ya mkononi, ile tuliyokuwa tukiangalia mbegu na wadudu. Siku ile ile nilimweleza baba kwamba huu si udaktari, sitampasua mtu wala kumwandikia dawa, nitajifunza ugonjwa unavyofanya kazi mwilini na namna ya kuutafuta. Baba akaniuliza, "Kwani daktari anasoma nini, trekta?" Kisha akaenda kwa fundi cherehani kuagiza koti jeupe. Lina mifuko minne. Baba anasema makoti ya madaktari wa serikali yana mitatu tu.

Hapo nilipaswa kusema tena, lakini sikusema. Jumapili baba akataka nilivae kanisani, nikalivaa, na naungama kwamba lilinipendeza. Tangu siku hiyo hata watu wazima wananiita Dokta na kunipisha bombani. Baba mdogo Leonsi, ambaye tangu biashara ziwe huria ameshauza mitumba, redio na mafuta ya taa, sasa ana duka la dawa Kizwite, naye ameweka bango lenye picha yangu nikiwa na koti na kipimo cha moyo shingoni, na chini yake imeandikwa DAKTARI WETU YUKO NJIANI. Mchoraji amezoea mabango ya vinyozi, kwa hiyo nina ndevu kidogo.

Basi watu wakaanza kuja nyumbani na viberiti. Unajua hospitali humwambia mgonjwa alete choo kidogo ndani ya kiberiti kitupu, na majirani wakaona hakuna haja ya kwenda mjini wakati Dokta yupo hapa hapa. Wa kwanza alikuwa Mzee Felisian. Nikamwambia, "Babu, mimi sijaanza hata kusoma." Akasema, "Angalia tu, mjukuu wangu. Kuangalia hakuhitaji cheti." Nikatoa lenzi, nikaangalia, nikasema ana minyoo. Sikuona minyoo, nilisema hivyo kwa sababu huku kwetu minyoo wamejaa. Akanunua dawa kwa baba mdogo, tumbo likatulia, na Jumatatu iliyofuata nikakuta viberiti kumi na kimoja vimepangwa barazani. Wote niliwaambia wana minyoo.

Aibu hiyo ningeweza kuivumilia hadi tarehe tano, lakini kuna bibi yangu, Bibi Epifania. Ukoo ulipokaa kikao, wazee walisema binti akasome ualimu hapa karibu, arudi aolewe. Bibi akagonga mkongojo wake chini akasema, "Mtoto aende. Nimezika watoto watatu na hakuna aliyeniambia kilichowaua. Nataka mmoja wa nyumba hii ajue." Wazee wakakubali, na ndiyo maana nakwenda.

Sasa bibi anakohoa, hii ni wiki ya saba. Anatoka jasho wakati sisi tunatetemeka kwa baridi, na gauni lake la kanisani linamzunguka mara mbili. Nikimwambia twende hospitali anasema, "Niende kwa watu baki, na nina dokta ndani?" Akaniletea makohozi kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Nikaangalia kwa lenzi, nikamwambia, "Bibi, sioni kitu." Ni kweli sikuona, lenzi ile haiwezi kuonyesha vijidudu vya kifua, na hilo nimefundishwa, nalijua. Lakini sikummalizia maelezo hayo. Bibi akapiga vigelegele, akaitangazia jumuiya nzima kwamba kifua chake kimepimwa na hakina ugonjwa. Jana nikaona damu kwenye leso yake. Akaikunja haraka akaniambia, "Usihangaike, Dokta, si ulishaangalia?"

Nikisema ukweli, baba ataaibika, bango litashushwa, na wazee watasema kama si udaktari basi safari ifutwe. Naogopa zaidi uso wa bibi. Je, Mama, niseme sasa na pengine nisiende, au niende kwanza nijifunze kuona, halafu nirudi nimpime vizuri? Tafadhali nijibu katika gazeti la wiki hii hii.

Binti wa Mollo

MAMA GETRUDA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma nikicheka hadi nilipofika kwenye lile kopo. Hapo nikaacha kucheka.

Nikugombeze kwanza. Mzee Felisian alipata nafuu kwa bahati, wale kumi na mmoja hujui wana nini, na baba yako mdogo anajua tu kwamba wamenunua. Lakini la bibi ni baya zaidi, kwa sababu ulimpa ukweli nusu na nusu nyingine ukabaki nayo mfukoni, na mifuko unayo minne. Lenzi yako inaonyesha mguu wa siafu. Mtu wa maabara anayesema "sioni" bila kusema alikuwa anatazama kwa kitu gani, ni heri angebaki nyumbani akapalilia maharage. Hilo ni somo la kwanza la shahada yako na umelifeli kabla ya kusajiliwa. Shukuru kwamba mtihani unaweza kuurudia leo.

Unauliza kama uende kwanza ukajifunze. Miaka mitatu? Mtu anayekohoa wiki ya saba na kutema damu hapaswi kusubiri hata gazeti hili.

Sasa soma tena maneno ya bibi, uliyoniandikia kwa mkono wako. Hakusema anataka mtu wa kumdunga sindano. Alisema anataka mmoja ajue kilichoua wanawe. Baba ameshona koti, baba mdogo amechora ndevu, na katika ukoo mzima ni kikongwe huyo tu aliyeielewa shahada yako. Wewe ndiye unayemwogopa! Nenda ukamwambie hivi: "Bibi, lenzi yangu haiwezi kuona kinachokukohoza. Kuna darubini inayoweza, iko hospitali, na mimi nakwenda kusomea kazi hiyo." Akikunja uso, ngoja. Atakunjua.

Kesho asubuhi mpeleke kliniki ya kifua kikuu. Makohozi watayataka zaidi ya mara moja, msichoke, na matibabu yake hayalipiwi. Nyumbani fungueni madirisha hata kama baridi inauma, na wewe uliyekuwa ukilichungulia lile kopo upimwe pia. Jumapili simama mbele ya jumuiya bila koti, uwaambie wenye viberiti wavipeleke hospitali. Baba akilalamika, mwambie kwamba daktari mwenye mifuko mitatu hukaa akisubiri karatasi kutoka maabara ndipo ajue la kufanya. Namjua baba wa aina hiyo, kufikia jioni atakuwa ameshaitangaza sokoni. Wazee wa ukoo mwachie bibi na mkongojo wake. Leonsi naye ashushe bango, au abakize ndevu na kuchora sura yake mwenyewe.

Koti usilitupe. Mvishe bibi mnapokwenda kliniki, maana asubuhi huko kwenu kuna upepo. Mfuko mmoja tia leso ya kufunika mdomo, wa pili kadi yake ya kliniki, wa tatu uache wazi kwa karatasi ya majibu. Wa nne tia lenzi, akutunzie mpaka utakaporudi na kitu kinachoona zaidi.