Nataka kufundisha mekapu, nichukue kozi ipi?

Mshauri mpendwa, nishike mkono kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha fomu na mimi nina fomu mbili mezani, zote tupu, na mume wangu ameshaanza kuzitumia kuwekea kikombe cha chai.

Mimi ni mpambaji, nina miaka thelathini na tisa, kumi na sita kati ya hiyo nimeimaliza nimesimama saluni, nimepamba maharusi, mama zao na mashangazi zao waliokuja wakisema hawataki kupakwa kitu halafu wakaondoka wakijitazama kwenye kila kioo, na ukutani nina vyeti vinne, cha maharusi, cha nyusi, cha kope na cha ngozi, kazi yangu naipenda na sijisifu nikisema mkono wangu unajulikana, lakini kwa miaka kama mitatu sasa kuna jambo linanikaa rohoni, nataka kufundisha, nataka kumwona mtu aliyeingia hajui kushika brashi anatoka anajua, na mwezi uliopita nikapiga moyo konde nikaenda chuo cha urembo kilicho mtaa wa nyuma ya saluni yetu nikaomba nafasi.

Mkuu wa chuo akanipa saa moja ya majaribio na wanafunzi saba, somo kufunika weusi wa chini ya macho, na mimi nikajiambia hapa nimefika nyumbani, hilo nalifanya hata usingizini, kumbe! Nikampanga mwanafunzi mmoja, mama wa makamo aliyewahi kuwa fundi cherehani, ampake mwenzake, akaanza, mkono mzito, anasugua badala ya kugongagonga, nikavumilia kidogo, nikavumilia tena, halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Hebu lete hapa mara moja, mama," na brashi ikawa mkononi mwangu, nikalimaliza jicho lile likang'aa, darasa zima likapiga makofi, nami nikayapokea kwa tabasamu la mtu aliyeshapata kazi. Mkuu akainuka kwenye kiti cha nyuma, akamwambia yule mama, "Sasa fanya jicho la pili." Mshauri, yule mama aliishika brashi kama aliyeshikishwa mtoto mchanga wa watu wengine, akaitazama, akanitazama mimi, akakosa pa kuanzia. Baadaye ofisini mkuu akaniambia kwa upole, "Umepamba vizuri sana. Lakini mpaka saa inaisha anayejua alikuwa mmoja tu, na alikuja anajua." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakunifukuza lakini. Akasema nafasi ataniwekea hadi muhula ujao nikiongeza sifa, na akaniruhusu kesho yake nikae kwenye darasa la mwalimu wao mkongwe, ambaye wanafunzi wanamwita Mama Sponji kwa sababu mfuko wa aproni yake haukosi sponji, na hapo ndipo nilipoona maajabu. Fundi cherehani yule yule, somo lile lile, akapaka krimu nyeupe moja kwa moja juu ya weusi, ngozi ikageuka rangi ya majivu, mwenzake akaonekana kama mgonjwa aliyetoroka wodini, mimi vidole vinanicheza, nikamgeukia Mama Sponji nikamkuta ametulia tuli, amekalia mikono yake yote miwili. Amekalia mikono, mshauri! Akauliza tu, "Unaona nini?" Mama akajibu, "Naona amechoka kuliko alivyokuja." "Kwa nini?" Akamchungulia mwenzake jicho moja, akachungulia la pili, mimi nikaanza kutoka jasho, na Mama Sponji hata hakujitikisa, mpaka yule mama mwenyewe akasema taratibu, "Nimeanza na nyeupe. Weusi haujaondoka, umechanganyika nayo." Akafuta mwenyewe, akaanza upya, krimu ya rangi ya chungwa kwanza, kidogo sana, kama punje ya mchele kwa kila jicho, akaigonga kwa ncha ya kidole cha pete kwa sababu hicho ndicho hakina nguvu nyingi, akaisubiri mpaka ikakaa haivutiki tena, ndipo akaweka krimu inayofanana na ngozi ya mwenzake, akamalizia na poda kidogo, na uso ukafunguka. Baadaye nikamuuliza Mama Sponji ile mikono vipi, akacheka, "Mwanangu, hii ina kiherehere. Nisipoikalia inanyang'anya watu brashi. Huu mwaka wa ishirini na mbili na bado naikalia." Nilirudi nyumbani kwa miguu ili niendelee kumfikiria, nimewaona wapambaji wengi hodari lakini sijawahi kumwona hodari anayejizuia namna ile kwa ajili ya mwingine, nilimpenda Mama Sponji, hata sijui niseme vipi.

Sasa fomu. Ya kwanza ni kozi ya juu ya mekapu ya filamu, makovu, vidonda, ndevu, uzee, na mume wangu ambaye ni fundi wa friji ndiyo anayoishabikia, anasema nikihitimu nimtengenezee jipu la kuombea ruhusa kazini. Ya pili ni kozi ya ualimu wa ufundi, kuandaa somo, kusimamia mazoezi, kupima wanafunzi. Zote ni za muhula mmoja na mwenye saluni ameniruhusu alasiri mbili tu kwa wiki, kwa hiyo lazima niache moja. Nimewaambia wote, mkuu wa chuo, mume wangu, hata wateja, kwamba nachukua ya filamu kwa sababu ni ya kiwango cha juu zaidi, lakini wewe nakuambia ukweli, ile ya ualimu naiogopa, kila wiki unaandika andalio la somo, ukurasa mzima, unalisoma mbele ya wenzako, na mimi shule niliiacha kidato cha pili, vyeti vyangu vyote vinne nilivipata kwa vitendo, sijaandika mtihani tangu hapo, na mkono huu huu unaochora wanja bila kutikisika nikiushikisha kalamu unatetemeka. Nisipoipata nafasi hii sidhani kama nitathubutu kuomba tena. Nichukue ipi?

Mpambaji Mwenye Fomu Mbili

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu mpambaji, toa hicho kikombe juu ya fomu, tuzungumze.

Kwanza nikugombeze nimalize. Umemdanganya mkuu wa chuo aliyekuwekea nafasi. Umemdanganya mumeo, ingawa yeye na jipu lake wanastahili kusubiri kidogo. Kozi ya filamu ni nzuri, sina ugomvi nayo, lakini wewe unaitaka kwa sababu haina kalamu. Cheti cha tano kitakufanya upambe vizuri zaidi, na kuhusu kupamba hakuna aliyekulalamikia. Mkuu wa chuo alikuonyesha kilichopungua waziwazi, nawe ukaenda kutafuta kingine. Ukiendelea hivyo utafika miaka hamsini ukuta umejaa vyeti na darasani hujaingia.

Sasa nikusifu, na hapa sitabana maneno. Umeaibika mbele ya watu saba, na kesho yake ukarudi kwenye jengo lile lile, ukakaa, ukatazama. Wangapi wangerudi? Mwingine angemwona Mama Sponji akasema mwalimu gani huyu, kazi kukaa tu. Wewe uliielewa ile mikono, ukaipenda, ukatembea nayo mpaka nyumbani. Kozi ya filamu umenieleza kwa mstari mmoja, na nusu yake imeliwa na jipu. Mwalimu yule umenieleza mpaka nimeiona aproni. Heko, dada. Moyo wa ualimu unao, na moyo huo chuo hakiwezi kukupa.

Kuhusu kalamu, ngoja nikusimulie. Barua yako umeiandika kwa mkono, kurasa sita, herufi kubwakubwa, mistari mingine imepanda mlima. Nilipoimaliza nikampa mwenzangu anayepanga kurasa za gazeti, mama mwenye kazi nyingi na weusi wa miaka mingi chini ya macho, ambaye kipodozi pekee anachokijua ni mafuta ya kujipaka. Alipofika kwenye krimu ya chungwa akainuka. Akaenda kwa dada wa mapokezi, ambaye mkobani mwake hamkosekani kitu, akaazima vifaa, akaiegemeza karatasi yako kwenye kioo cha maliwato na kukufuata neno kwa neno: punje ya mchele, kidole cha pete, subiri ikae. Mhariri alipopishana naye koridoni akamuuliza amerudi lini kutoka likizo. Hakuna aliyemshika mkono. Uliandika andalio la somo bila kujua unaandika, na mtu usiyemfahamu amejifunza kutoka kwenye mwandiko huo unaouonea aibu.

Kwa hiyo jaza fomu ya ualimu, tena leo. Mpigie mkuu wa chuo umwambie umebadili kozi na sababu halisi, hatakucheka, anayekuwekea nafasi hakutafutii makosa. Wakati huo huo muulize kama cheti cha kozi hiyo ndicho wanachokitambua, maana kozi zenye majina mazuri ni nyingi, na uulize pia kama ukiwa masomoni utasimama mbele ya wanafunzi halisi huku mtu akikutazama na kukusahihisha. Kozi isiyokusimamisha darasani usiiguse hata kama cheti chake kina nakshi ya dhahabu. Kisha mwombe Mama Sponji akukubalie kukaa saa moja kwenye darasa lake kila wiki. Kama naye ni kama ulivyonieleza, atakubali kabla hujamaliza kuomba.

Andalio la somo liseme kwanza kwa mdomo, kama unavyomweleza mteja anayeuliza maswali mengi. Jirekodi kwenye simu, jisikilize, andika ulichokisema. Ukikosea, sahihisha uendelee, na usifikirie wenzako wote humo ni maprofesa. Mumeo mwambie ukweli wote wewe mwenyewe, kisha mpe kazi ya kukusikiliza ukisoma kwa sauti kila jioni akitoka kwenye mafriji yake. Kozi ya filamu haitakimbia. Ukishakuwa mwalimu nenda kaichukue, na safari hiyo utakuwa na watu wa kuwapelekea ulichojifunza.

Kutetemeka sikuahidi kwamba kutaisha. Siku ya kwanza utaingia nako, utaandika kichwa cha somo ubaoni, mistari itapanda mlima, na nyuma yako mtu ataita, "Mwalimu!" Usitazame mlangoni kuona nani ameingia. Itika.