Mbelgiji Aliyetoa Gurudumu Lake

Mdogo wangu Hamadi,

Mvua ya London haina kishindo, ila haichoki. Imetuingiza mkahawani Edgware Road, mimi na shemeji yako, na mezani petu amekaa mzee wa Kibelgiji aliyekuwa akiendesha baiskeli za mashindano kwa kulipwa. Nikamuuliza ameshinda mbio ngapi.

"Hata moja," akajibu, anacheka.

Kazi yake miaka yote ilikuwa kumbebea kapteni wa timu maji na kumkinga upepo kwa kumtangulia mbele. Siku moja, wanapanda mlima, tairi la kapteni likapasuka. Akachomoa gurudumu lake akampa, akabaki kando ya njia ameshika baiskeli ya mguu mmoja.

"Nikasikia watu wanashangilia kule juu," akasema, "nikajua gurudumu langu limefika."

Nikamwambia kwamba wewe nawe kila mbio unamkinga mwenzako Saidi upepo mpaka anashinda, na sasa umechoka, unataka kuiuza baiskeli. Hakuuliza habari za Saidi. Aliuliza jina lako, akataka nilirudie mpaka alitamke sawasawa.

Mpe mama busu langu. Baiskeli usiiuze.

Dada yako akupendaye,
Zuhura