Manila Laini kwa Jina la Bibi

Mwanangu,

Nimekwenda kutafuta bahasha. Chai iko kwenye chupa. Mdogo wako anatoka shule saa saba, usimwache mlangoni.

Kadi za kuwashukuru waliotusaidia kumzika bibi yako: tumia manila laini, iko droo ya chini. Pitisha kiganja kwanza uhakikishe haikwaruzi. Ile karatasi ya dhahabu ya kuchapia herufi hushika pale tu panapoguswa na chuma cha moto, na kwenye vibonde vya manila ya kukwaruza chuma hakifiki. ~~Hiyo ya kukwaruza usiiguse tena.~~

Asubuhi nilikufokea. Nilikuta umechapa jina la bibi kwenye hiyo ya kukwaruza, dhahabu imekatikakatika, nikaitupa kadi na kusema unaharibu vitu tu. Ukanijibu polepole kwamba uliichagua kwa sababu ukiishika ni kama viganja vyake. Nikajifanya natafuta mkasi, nao unaning'inia shingoni mwangu. Najua uliuona.

Bibi yako alikuwa mama yangu, na tangu mazishi nimeshika kazi ili nisishikwe na kilio. Unisamehe.

Basi fanya hivi: jina lichape kwenye laini, likate vizuri, kisha libandike juu ya ile ya kukwaruza. Watu walisome jina lake huku wameshika viganja vyake.

Ile kadi niliyoitupa usiitafute kwenye pipa la taka. Niko nayo mkobani.

Mama