Macho ya Mzee Petro na Simu Yangu ya Nyota

Nyabiyonza, Karagwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepunguza kuuma? Usinijibu "kidogo kidogo" kama kwenye simu. Dada Koku aniandikie ukweli. Mimi ni mzima, darasa langu limejaa watoto hadi dirishani, na kwa ndizi za huku nimenenepa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe husema ndiyo ndiyo ukakata, na hili nataka ulisikie lote.

Humu ndani nimeweka picha ya nyota, nimeisafisha mjini Omurushaka. Usicheke. Jioni za hapa ni ndefu, basi nimejifunza kulipiga picha anga kutoka uani, nyuma ya nyumba niliyopanga. Simu naiegemeza juu ya kigoda, inafumbua jicho lake nusu dakika nzima, na hakuna kuigusa wala kutikisika. Ikimaliza, inatoa hata nyota ambazo sisi hatuzioni kabisa.

Mzee Petro mwenye nyumba hupenda kukaa nami. Macho yake yanafifia tangu msimu uliopita wa kahawa. Daktari alimwambia ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, ila matone yatalinda kilichobaki. Siku moja mkewe aliitazama picha yangu akashangaa, "Yesu wangu! Simu inaona hata visivyoonekana!" Mzee akageuza uso kuielekea simu.

Kesho yake jioni alikuja amenyoa ndevu, amevaa koti la kanisani, akaketi mbele yangu.

"Mwana wange, nipige macho. Hiyo simu ione kilichomo ndani."

Nikacheka, nikidhani ni utani wake wa kila siku. Hakuwa anatania, Mama. Nikaona aibu, nikapiga. Picha yenyewe ilikuwa ya mara moja, lakini yeye alikuwa ameshajifunza kwangu kwamba kutikisika kunaharibu, akakodoa macho bila kupepesa hadi machozi yakamtiririkia kwenye koti. Nilishindwa kumwambia imetosha.

"Umeona nini?"

Nikasema, "Naona macho yako, Mzee."

"Mazima?"

"Hayana kidonda."

"Basi bado yamo mazima," akasema, akainuka kwa furaha.

Kumbe nimeharibu. Matone ameacha, anasema yanamwasha bure, na mwalimu ameshaona macho hayana kitu. Safari ya hospitali ameifuta. Nimemweleza mara tatu kwamba simu si daktari, na ugonjwa ule hauonekani kwenye picha ya simu. Ananipapasa bega, anasema nimelelewa vizuri, sipendi kujisifu. Mkewe analia jikoni, nami naona haya kumtazama. Juzi Mzee alinyoosha mkono kupokea kikombe cha chai, mkono ukapita pembeni. Sijui nifanye nini, Mama. Wewe unajua kusema na wazee. Niandikie hata mistari miwili nimsomee.

Nisalimie Dada Koku na mumewe, Mjomba wa dukani, na Shangazi anayeniombea mume kila Jumapili. Mwambie aombe taratibu. Mzee Petro naye anakusalimu sana. Anasema siku utakayokuja nisihangaike kukutambulisha: atakuangalia usoni, ajue mwenyewe kwamba ndiwe mama yangu.

Mwanao,
Adela